Vinundu Ndani ya Chupa

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima.

Pakiti iliyomo humu ni ile niliyokuahidi. Usiifungue juani, wala usiiweke juu ya lile kabati la dirishani, nakujua. Huo unga mweusi si mbolea na si dawa ya wadudu. Ni mboji iliyosagwa, na ndani yake wamo bakteria, hai, wengi kuliko watu wote uliowahi kuwashonea suruali. Nimewalea mwenyewe tangu mwaka jana. Siku ya kupanda, koroga sukari kidogo na maji kwenye bakuli, tia mbegu za maharage, nyunyizia unga, geuza kwa mkono mpaka kila mbegu iwe nyeusi, kisha panda saa hiyohiyo. Ukienda kunywa chai kwanza, watakufa.

Jambo jingine, na hapa naomba usibishe. Ile mbolea ya mfuko ninayokutumia kila msimu, safari hii usiitie. Nitakueleza sababu, maana najua utauliza.

Hewa imejaa nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuila ilivyo. Bakteria hawa ndio wanaojua kuigeuza iwe chakula. Sasa wao wako udongoni, gizani, hawana macho. Mzizi wa harage ukisikia njaa unatoa kemikali zake, za jamii ileile inayoyapa maua rangi, zinachuruzika polepole kwenye udongo. Bakteria wakizionja wanajua wameitwa. Wanajibu kwa kemikali yao wenyewe, unywele wa mzizi unajikunja kuwapokea, wanaingia, na mmea unawajengea chumba. Hicho chumba ndicho kinundu. Humo mmea unawalisha vitu unavyovitengeneza kwa sukari yake, na wao wanaulisha nitrojeni.

Lakini ukiumwagia mbolea, mzizi unashiba na hauiti mtu. Bakteria wanabaki palepale nje, umbali wa nusu ukucha, hawaingii.

Mimi sijambo. Kazi nyingi, marafiki wengi, hata nafasi ya kukaa chini sipati. Jirani yetu Redio bado anautangazia mtaa? Usimwambie lolote kuhusu bakteria, atasema nimekutumia ugonjwa kwa posta.

Mwanao,
Bobini


21 Machi

Kwako Bobini,

Marahaba. Pakiti imefika salama, haikukaa dirishani. Redio anakusalimu. Anasema yeye hatangazi, anaarifu tu.

Nimepanda Jumamosi, kwenye kile kishamba cha nyuma ya nyumba, pale mama yako alipokuwa akiotesha marejea yake ya kurutubisha udongo. Nimefunga uzi wa kushonea kutoka kigingi hadi kigingi na kupanda chini ya uzi, mstari umenyooka kuliko pindo la suruali ya bwana harusi. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Nilinusa, inanuka mvua. Chai sikunywa. Nilikaa na kiu mpaka mchana kwa ajili ya bakteria wako, wakati wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo sikuwahi kukusubirisha chai yangu hata dakika tano.

Mfuko wa mbolea nimempa mlinzi wa shule.

Nimefurahi kusikia una marafiki wengi. Mimi pia siko peke yangu. Wateja wananijaa mpaka nje, nyumba haina pa kukanyaga.

Ukiona karatasi ina matundumatundu usishangae. Nilikuwa najaribu sindano mpya ya cherehani.

Baba yako,
Fundi


10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara nyingine kwa vidole. Sindano mpya inajaribiwa kwenye kitambaa. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, na nilipoijaribu kwenye daftari langu la shule ulininyima cherehani mwezi mzima. Tena mistari yako miwili karibu na mwisho imepandana, neno “wateja” limelala juu ya “nyumba”. Macho yako vipi, Baba? Nijibu swali hilo hata kama mengine utayaruka.

Nami nikuambie la kweli. Nilikudanganya kuhusu marafiki. Yupo mlinzi wa getini, na yupo mama mmoja anayeosha vyombo vya maabara. Tunasalimiana. Chumba changu cha kazi hakina dirisha. Kina kabati la joto, kabati la baridi, meza na kiti kimoja. Jumapili nakuja pia, nawaambia watu kwamba bakteria hawajui Jumapili. Ukweli ni kwamba nyumbani hakuna anayenisubiri. Juzi nilipolala niligundua kwamba siku nzima nilikuwa nimesema “asante” na “samahani” tu, na hiyo samahani nilikiambia kiti. Mpweke, Baba, ndilo neno lenyewe. Sijui kwa nini naliona rahisi kuliandika na gumu kulisema kwenye simu. Kwenye simu mimi na wewe tunasikilizana pumzi tu.

Sasa kazi. Maharage yakianza kutoa maua, chimba mmea mmoja taratibu, suuza mizizi kwenye ndoo, chukua kinundu ukikate kwa wembe. Ndani kukiwa na wekundu, bakteria wanafanya kazi. Huo wekundu ni wa kitu kinachofanana na damu yetu, nacho kazi yake ni kubeba oksijeni. Kukiwa kijani au kweupe, wamekaa bure. Halafu nitilie vinundu kumi kwenye hii chupa ndogo ya dawa, juu ya pamba. Chini ya pamba kuna chembe za kunyonya unyevu, usizitoe. Nitaviotesha hapa nijue kama kweli ni wale wangu.

Likizo yangu ni Agosti. Ukisema nije, nitakuja. Bila wewe kusema, siji.

Mwanao,
Bobini


17 Mei

Kwako Bobini,

Marahaba. Macho yangu yanaona mpaka dhambi za Redio, na hizo ziko mbali na nyingi.

Kuhusu upweke wako, nimekusikia. Sikujua. Nimelifikiria neno hilo wiki nzima na sina dawa yake, ningekuwa nayo ningekutilia kwenye chupa.

Shamba limenyooka. Nimepalilia mwenyewe mara mbili. Mwaka huu magugu yalikuwa ya ajabu, mafupimafupi, yamejipanga kana kwamba kuna mtu kayapanda. Nimeyafyeka yote, sikubakiza. Mimea yangu ni mirefu, inanifika kiunoni. Maua yametoka, mazuri. Jirani wa upande wa pili anapita akisifu.

Nilichimba Jumatatu. Vinundu ni vingi, Bobini, vimeshikana kwenye mizizi, nilikaa kwenye kigoda nikivigusa mpaka maji ya ndoo yakapoa mikononi. Nimekata kimoja kwa wembe wa kukatia nyuzi. Chekundu kabisa, kama ulivyosema. Kumi nimekutilia kwenye chupa.

Agosti usijisumbue. Safari ni ndefu, na kazi yako haina mtu mwingine. Huku hakuna kinachopungua.

Baba yako,
Fundi


16 Juni

Baba,

Shikamoo. Chupa ilifika. Nilifurahi mpaka nikamwonyesha mlinzi.

Vinundu nilivilowesha, nikavisafisha, nikaviponda, maji yake nikayapaka kwenye sahani zenye chakula chao, kile cha sukari na hamira kilichoganda. Bakteria wa maharage wana haraka. Siku ya tatu huwa wameshajitokeza, matone meupe yenye ute. Siku ya tatu sahani zako zilikuwa tupu. Siku ya nne, tupu. Nikailaumu posta. Nikajilaumu mimi, labda nilizidisha dawa ya kusafishia. Sijui kwa nini sikuzitupa. Nadhani ni kwa sababu zilitoka nyumbani.

Siku ya nane asubuhi nilifungua kabati nikavikuta vitone vimejaa sahani zote, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini. Wanaokwenda mwendo huo si wa maharage. Ni wa kunde, wa karanga, wa marejea.

Nilikaa kwenye kile kiti changu nikaisoma tena barua yako. Mimea inayokufika kiunoni. Nilidhani unatia chumvi kama kawaida yako. Magugu mafupi yaliyojipanga kwenye mstari. Hapo nilicheka kabisa mara ya kwanza. Baba, magugu yale ndiyo yalikuwa maharage. Uliyafyeka ukabakiza marejea ya Mama yaliyojiotea yenyewe.

Marejea yana maua ya njano, mtu anayaona akiwa ng'ambo ya barabara. Wewe uliandika “mazuri” tu. Ukaniambia kinundu ni chekundu. Huenda kilikuwa chekundu kweli, hata vya marejea huwa hivyo. Lakini mtu aliyeona wekundu wa kinundu angeona na unjano wa ua. Wewe uliyekuwa ukitofautisha nyuzi nyeusi aina tatu kwenye taa ya kibatari, huoni tena. Ndiyo maana ya yale matundu, ni njia ya kidole chako.

Na nadhani najua kwa nini huniambii. Mama alipofariki nilifika siku mbili baada ya maziko. Nilikuwa nimebaki kazini kuwahamishia bakteria kwenye chakula kipya, nikijiambia Mama atanisubiri, alikuwa na homa tu. Ulinifungulia mlango ukasema, “Umefuata nini? Tumeshamaliza.” Ukarudi kwenye cherehani. Nina miaka sita na maneno hayo. Miaka sita nakutumia mfuko wa mbolea kila msimu badala ya kuja, na kila mara unajibu kwamba hakuna kinachopungua. Nilikuwa nakushibisha ili usiniite, Baba. Mimi ndiye niliyeanza.

Naogopa ule mlango. Naweza kupanda basi kesho, lakini siwezi kusimama pale nje tena kama mtu asiyeitwa. Niite. Neno moja linatosha.

Na anayekusomea hizi ni nani? Kama ni Redio: shikamoo, mama, na unisamehe kwa ile barua ya mwezi wa tatu.

Mwanao,
Bobini


2 Julai

Kwako Bobini,

Marahaba. Redio naye anasema marahaba, na kwamba amekusamehe nusu.

Alisoma vizuri mpaka pale mlangoni, kisha nikasikia karatasi inawekwa mezani. Nikamwambia endelea. Akasema miwani yake imeingia vumbi. Nikamsubiri aisafishe, akasafisha muda mrefu sana. Tangu siku hiyo mtaani hajaarifu chochote, watu wananiuliza kama anaumwa.

Ni mtoto wa jicho, Bobini, macho yote mawili. La kushoto linaona mwanga tu. La kulia linaniambia mbele yangu kuna mtu, haliniambii nani. Ilianza mwaka juzi. Karatasi naipitisha kwenye cherehani bila uzi, natoboa mistari, halafu kidole cha kushoto kinafuata matundu na kalamu inafuata kidole. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa mashine. Wateja hakuna. Wa mwisho nilimshonea shati, mkono mmoja ndani nje. Alilivaa palepale, akanishukuru, akaondoka, sijamsikia tena.

Baada ya barua yako tulikwenda shambani. Redio hajui mmea wowote ambao haujaingia sufuriani, lakini njano anaijua. Alisimama, akasema, “Fundi, kote huku ni njano.” Nikamwambia atafute maharage, jani lake ni pana, linakwenda matatumatatu. Akayapata manne, pale karibu na ukuta ambapo jembe halifiki. Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Mwaka mzima umewalea bakteria wako, ukanieleza wanavyoitwa, wakaitwa kweli, wakaingia, halafu mimi nikaja na jembe huku nikiimba. Ile mirefu niliiona ndiyo yangu kwa sababu ilikuwa na nguvu. Nisamehe kwa hilo.

Mmoja kati ya ile minne tumeuchimba. Redio amekata kinundu kwa wembe. Akasema chekundu. Nikamwapisha, akaapa. Kwa hiyo wapo.

Daktari anasema upasuaji ni mdogo, wanaanza na la kulia. Ila anataka mtu wa kunishika mkono kwenda na kurudi, na wa kunitia dawa ya matone mara nne kwa siku, mwezi mzima. Redio angefanya, lakini mikono yake inatetemeka, matone yangeishia masikioni. Mara mbili nimepangiwa tarehe na mara mbili sikwenda. Kwenye fomu kuna mahali pa ndugu wa karibu. Muuguzi aliniuliza, nikasema hakuna. Akaandika hakuna. Niliisikia kalamu. Tarehe ya tatu ni 9 Agosti. Nikiikosa hiyo wananirudisha mwisho wa orodha, na daktari anasema jicho la kushoto halitangoja.

Yale maneno ya mlangoni niliyasema. Sitaki kuyapaka rangi. Nyumba ilikuwa imejaa watu na mimi siku mbili nilitazama njia tu, kila mlango ulipogongwa nilidhani ni wewe. Ulipofika nikakuadhibu kwa kila mlango uliogongwa. Ulikuwa umeshika mkoba kwa mikono miwili, viatu vina vumbi, kola ya gauni imekunjika upande mmoja, na mikono yangu ilitaka kuinyoosha, nikaizuia. Hiyo ndiyo sura yako ya mwisho niliyoiona kwa macho mazima. Nyingine sina, ndiyo ninayoitazama kila siku.

Neno uliloniomba nimekaa nalo siku tisa. Redio alitaka kuniandikia, nikamkataza. Naliandika kwa mkono wangu, likipanda juu ya mengine utanivumilia.

Njoo.

Baba yako,
Fundi


11 Julai

Mama Redio,

Shikamoo. Ile nusu ya msamaha iliyobaki nitaifuata mwenyewe. Naomba haya yafuatayo umsomee kwa sauti.

Baba, likizo nimeomba na nimepewa. Bakteria nimemwachia yule mama anayeosha vyombo. Nilipomfundisha kuwatazama alivuta kiti kingine kutoka chumba cha pili, kwa hiyo sasa viti ni viwili. Nafika tarehe 6 Agosti, jioni. Matone yako nitayatia mimi, mkono wangu hautetemeki, nimeshindwa mengi lakini si kudondosha tone mahali pake. Kwenye fomu, pale waliposema hakuna, nitaandika mimi.

Maharage matatu yaliyobaki yasiguswe na jembe la mtu yeyote, hata la mwenye shamba.

Mama Redio, karatasi ya pili haina wino. Usimsomee, mpe mkononi.

Baba, hiyo nimeitoboa kwa sindano kutoka nyuma, herufi kubwakubwa, jinsi ulivyonifundisha kuandika jina langu kwenye mabaki ya karatasi za kukatia nguo. Ilibidi niandike kinyumenyume, nimeharibu karatasi tano. Anza juu, kushoto.

Mwanao,
Bobini


(Karatasi ya pili)

NAKUJA BABA

NIFUNGULIE MLANGO